Namna ya Kuelewa na Kutafsiri Neno la Kiingereza "Run"

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na neno "run" mapema sana, na huambiwa kwamba maana yake ni "kukimbia". Maelezo hayo ni sahihi na humtosha kwa muda. Baadaye huanza kusoma magazeti, vyeti vya hospitali, mikataba na maelekezo ya kompyuta, ndipo anapokuta kwamba Kiingereza hulitumia neno hilohilo kwa pua ya mtoto mwenye mafua, kwa duka la jirani, kwa barabara isiyosogea hata hatua moja na kwa mkataba wa kupanga nyumba. Akishikilia maana ile ya darasani ataandika Kiswahili kisichoeleweka, na akijaribu kukariri maana zote moja baada ya nyingine hatafika mwisho. Mwongozo huu unaeleza njia ninayoiona kuwa ndiyo inayofaa, nayo ni kuyachunguza maneno yaliyo jirani na "run" kabla ya kulichunguza lenyewe, kisha kulieleza tukio zima kwa kitenzi ambacho Mswahili angekitumia hata kama hajawahi kusikia Kiingereza.

Ni vyema kwanza kufahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Wazo la kutunga Kamusi ya Kiingereza ya Oxford lilitolewa London mwaka 1857, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884 na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Kazi ya kuihuisha kamusi hiyo kwa ajili ya toleo la tatu ilipofika kwenye "run", mhariri Peter Gilliver alilishughulikia neno hilo kwa takriban miezi tisa, akafikisha maana 645 za kitenzi peke yake. Chanzo cha wingi huo kinaeleweka. Tangu zama za kale neno hili lilibeba mawazo mawili, la kiumbe kwenda mbio na la maji kutiririka, na Kijerumani cha leo bado kina maneno mawili yaliyo ndugu zake, yaani "rennen" kwa mbio na "rinnen" kwa maji. Kisha zikaja mashine, reli, mitambo ya uchapaji, umeme na kompyuta, na kila kilipozuka kitu kinachofanya kazi mfululizo, wasemaji wa Kiingereza walikipa kitenzi hichohicho.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki na tunapiga kura, wala hakuna anayefikiria kipigo. Mgeni anayejifunza Kiswahili hawezi kulielewa "piga" mpaka atazame nomino inayolifuata, na sisi tulitendee "run" vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: Amua kama ni nomino au kitenzi

Hatua hii ni fupi, lakini wengi huiruka. Ukiona "a", "the" au kivumishi mbele ya "run", basi hiyo ni nomino, na kwa kawaida nomino hiyo imeshafungamana na maneno mengine kiasi kwamba inapaswa kusomwa kama kifungu kimoja. "A run on the bank" ni hali ya wateja wengi kukimbilia benki kutoa fedha zao kwa wakati mmoja kwa hofu ya kuzipoteza. "A print run" ni idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja. "A dry run" ni jaribio linalofanywa kabla ya shughuli yenyewe, na "a chicken run" ni uwanja wa kuku uliozungushiwa wavu. Mtu aliye "on the run" ni yule anayesakwa na polisi, hata kama kwa sasa amelala usingizi. "In the long run" ni "hatimaye" au "baada ya muda mrefu". Katika kriketi hesabu ya "runs" ni mikimbio.

Umbo la "running" linahitaji uangalifu wa pekee. Bango la afya likiagiza kunawa mikono kwa "running water", linakusudia maji yanayotiririka, hata kama yanamiminwa kutoka kwenye kibuyu chirizi au kopo, na ndiyo maana kampeni za usafi zimezoea kusema "maji tiririka na sabuni". Tangazo la nyumba ya kupanga likisema kwamba nyumba ina "running water", linakusudia maji ya bomba yaliyoingizwa ndani. Maneno ni yaleyale mawili, lakini mtafsiri atakayeandika kwamba nyumba ina maji yanayotiririka atamfanya mpangaji adhani kuna bomba lililopasuka au paa linalovuja. Aidha, "three days running" ni "siku tatu mfululizo", na "running mate" katika uchaguzi ni mgombea mwenza.

Hatua ya pili: Tazama kiima

Ukishajua kwamba unashughulika na kitenzi, jiulize ni nani au ni nini kinachotajwa kuwa kinafanya jambo hilo. Hapa ndipo maana nyingi hujitenga zenyewe, na ndiyo sababu nashauri hatua hii ipewe muda kuliko nyingine zote.

Chukua mfano wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kusema "the railway runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi", kisha akasema "the train runs every Friday", kisha akamalizia kwa "Tanzania and Zambia ran the railway together". Kiswahili kinahitaji vitenzi vitatu mbalimbali. Reli yenyewe haiendi popote, imelala juu ya ardhi kwa urefu wa kilomita 1,860, hivyo tunasema kwamba inatoka, au inaanzia, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni ndiyo inayokwenda, kwa hiyo husafiri, au hufanya safari, kila Ijumaa. Nchi hizo mbili nazo ziliiendesha reli kwa pamoja. Mtafsiri aliyejiuliza swali la kiima kwa kila sentensi hawezi kuzichanganya hizi tatu.

Kiima kikiwa ni kimiminika, au kitu kinachopitisha kimiminika, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Mto Rufiji "runs into the Indian Ocean", nasi tunasema unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Machozi hutiririka, jasho huchuruzika, na mtoto mwenye mafua hutokwa na kamasi. Mtu "akiacha bomba likiwa linakimbia" kwa maneno ya Kiingereza, sisi tunasema ameacha bomba wazi, au ameacha mfereji wazi kwa wasemaji wa Zanzibar na Mombasa. Kisima kikiwa kime-"run dry", kimekauka.

Rangi nayo huhesabiwa na Kiingereza kama kimiminika. Kanga mpya nyekundu ikilowekwa pamoja na shati jeupe, Mwingereza atasema kwamba rangi ya kanga "has run", na neno hilo litamtosha. Kwetu kuna pande mbili za kueleza: kanga imechuja, na shati limeingia rangi. Mtafsiri wa maelekezo ya kufulia yanayosema "this colour may run" aandike "rangi ya nguo hii huenda ikachuja", na kama nafasi ipo aongeze kwamba ifuliwe peke yake, kwa kuwa hilo ndilo onyo lililokusudiwa.

Mashine ni kundi jingine. Injini ambayo "is running" inawaka au inanguruma, kiwanda ambacho "runs day and night" kinafanya kazi usiku na mchana, na jiko ambalo "runs on gas" linatumia gesi. Programu ya kompyuta ambayo "is running in the background" inafanya kazi chinichini.

Muda na matukio havina ugumu: mkutano uli-"run" kwa saa tatu ni mkutano uliochukua saa tatu, filamu ili-"run" kwa miezi miwili ni filamu iliyoonyeshwa kwa miezi hiyo, na hasira zinazo-"run high" ni hasira zilizopanda. Tabia au ugonjwa unao-"run in the family" ni wa ukoo, au ni wa kurithi.

Hatua ya tatu: Tazama kama kuna yambwa

Yambwa, au shamirisho kama wanavyofundishwa wanafunzi wengi wa Kenya, ni kile kinachotendwa. Kiingereza hakibadilishi umbo la "run" yambwa inapoingia, lakini Kiswahili hukibadilisha kitenzi chenyewe kwa mnyambuliko: "enda" huwa "endesha", "kimbia" huwa "kimbiza" au "kimbilia". Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kuandika "endesha" kila tunapoona "run" yenye yambwa. Neno hilo ni zuri kwa duka, shule, shamba, kampeni, mradi na programu ya kompyuta, lakini lina mipaka yake.

Mpaka wa kwanza ni gari. "It is expensive to run a car" haizungumzii kushika usukani. Inazungumzia mafuta, bima, matairi na fundi, kwa hiyo tafsiri yake ni "kumiliki na kulihudumia gari ni gharama kubwa". Mtu akikuambia "I'll run you home", anajitolea kukupeleka nyumbani kwa gari lake. Dereva ambaye "ran a red light" alipita taa nyekundu, na ripoti ya ajali itakayosema kwamba "aliendesha taa nyekundu" haitamsaidia askari wala bima.

Mpaka wa pili ni vifungu ambavyo Kiswahili kina vitenzi vyake vya siku zote. Gazeti likisemwa kwamba "ran a story", limechapisha habari. Maabara iki-"run a test", imefanya kipimo. Mtu akimwandalia mwenzake "a bath", amemjazia maji ya kuoga. Wanaofanya "gun running" wanasafirisha silaha kwa magendo. Anaye-"run for president" anagombea urais, au anawania urais kama wanavyopenda kusema wanahabari wa Kenya. Hapa inafaa kukumbuka kwamba hayo ni mazoea ya Marekani zaidi, kwa sababu Uingereza mgombea husemwa kwamba "stands", yaani anasimama, ilhali Kiswahili hutumia kugombea kwa wote wawili. Ellen Johnson Sirleaf, kwa mfano, aligombea urais wa Liberia mwaka 2005 akashinda, na tafsiri ni hiyohiyo bila kujali gazeti lilitoka London au New York.

Mpaka wa tatu unahusu "endesha" lenyewe. Katika mazungumzo, mtu akisema kwamba mgonjwa "anaendesha" pasipo kutaja anachokiendesha, wengi wataelewa kwamba tumbo lake linaharisha. Kwa hiyo usiliache neno hili bila yambwa yake katika maandishi rasmi. Andika "mkurugenzi anaiendesha taasisi", wala usiishie kwenye "mkurugenzi anaendesha".

Hatua ya nne: Usitenganishe "run" na kijineno kinachoifuata

Vijineno kama "out", "into", "over", "down" na "up" huungana na "run" kuwa kitu kimoja, na tafsiri ya sehemu mojamoja haiwezi kufikia maana. Kosa lililozoeleka ni kumaliza kazi na "run" kisha kutafuta mahali pa kukiweka kijineno, jambo linalozaa sentensi kama "alikimbia ndani ya rafiki yake". Kifungu "she ran into a friend" maana yake ni kwamba alikutana na rafiki yake bila kutarajia. Lakini "the lorry ran into a wall" ni lori kugonga ukuta, na "he ran into debt" ni kuingia katika madeni. Utaona kwamba hata baada ya kuunganisha vipande viwili bado unalazimika kurudi kwenye hatua ya pili na ya tatu, kwa sababu rafiki, ukuta na deni haviwezi kutendwa kwa namna moja.

"Run over" ni kumgonga mtu kwa gari na kumkanyaga, lakini "run over the notes" ni kuyapitia maelezo upesi, na kikao kili-"run over" kilipitiliza muda wake. "Run down" huweza kuwa betri kuisha chaji, mtu kudhoofika kwa uchovu, jengo kuchakaa, au mtu kumsema mwenzake vibaya. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni, ilhali "run up a dress" ni kushona gauni harakaharaka. "Run it by me first" ni ombi la kushirikishwa kabla jambo halijaamuliwa.

Hatua ya tano: Kuwa tayari kuigeuza sentensi

Kiingereza hupenda kumweka mtu mwanzoni mwa sentensi hata kama aliyepatwa na jambo ni kitu. "We have run out of sugar" inaanza na sisi, lakini Kiswahili huanza na sukari: "Sukari imetuishia." Angalia kazi inayofanywa na neno hilo moja. Kiambishi "i" kinaitaja sukari, "tu" kinatutaja sisi tuliopungukiwa, na "ishia" inaeleza kwamba kuisha huko kumetupata. Mtafsiri anayeng'ang'ania mpangilio wa Kiingereza ataandika "tumekwisha sukari", sentensi ambayo haisemwi na mtu yeyote.

Wakati mwingine mgeuko unakwenda mbali zaidi. Simu ikikuonyesha kwamba "your phone is running out of storage", Kiingereza kinasema kwamba nafasi inakwisha, lakini mtumiaji wa kawaida wa Afrika Mashariki atakuambia kwamba simu yake inakaribia kujaa. Picha ni kinyume kabisa na ukweli ni uleule. Tafsiri nzuri ya ujumbe huo ni "simu yako inakaribia kujaa", nayo ni fupi kuliko ile inayojaribu kuyafuata maneno ya asili.

Njia bora ya kujizoeza hatua hii ni kuisoma sentensi ya Kiingereza, kuifunika, na kujiuliza mtu wa nyumbani kwenu angesemaje akiwa ndani ya tukio hilohilo. Jibu linalokuja kwanza mara nyingi ndilo sahihi.

Hatua ya sita: Ongeza uangalifu hospitalini na mahakamani

Kuna maeneo mawili ambako ninasisitiza mtafsiri asikisie. La kwanza ni la afya. Mama anayezungumza na muuguzi Uingereza au Marekani anaweza kumsikia akisema, kwa pumzi moja, kwamba mtoto "is running a temperature", kwamba "his nose is running", na kisha akauliza kama mtoto ana "the runs". Mkalimani anapaswa kusema kwamba mtoto ana homa, anatokwa na kamasi, na kwamba muuguzi anauliza kama anaharisha. Kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo linalopotea kirahisi, na ndilo linaloweza kumfikisha mtoto mdogo kwenye upungufu wa maji mwilini kama halikujibiwa.

La pili ni la sheria. Mkataba wa upangaji ukisema kwamba "the lease runs for three years from 1 January", andika kwamba mkataba utadumu kwa miaka mitatu kuanzia tarehe 1 Januari. Katika hukumu, jaji anaweza kumfunga mtu miaka mitano kwa kosa moja na mitatu kwa kosa jingine, kisha akaamuru adhabu hizo "run concurrently" au "run consecutively". Katika amri ya kwanza vifungo vinatumikiwa kwa pamoja, na mtu huyo hukaa gerezani miaka mitano. Katika amri ya pili kimoja huanza baada ya kingine kwisha, na jumla huwa miaka minane. Tofauti ya miaka mitatu ya maisha ya mtu imebebwa na neno linalofuata baada ya "run", na mkalimani aliyechoka asione haya kumwomba jaji alirudie.

Hatua ya saba: Hakiki, na panapobidi uliza

Ukiwa na kamusi, isome ingizo la "run" hadi mwisho badala ya kuchukua maana ya kwanza, kwa sababu vifungu vilivyofungamana mara nyingi huwekwa chini kabisa. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafaa kwa kuanzia, kisha linganisha na kamusi ya Kiingereza tupu yenye mifano ya sentensi. Programu za tafsiri za mtandaoni zipewe sentensi nzima pamoja na inayoitangulia na inayoifuata, kwani zikipewa neno pekee hazina jirani wa kuulizwa. Baada ya hapo isome tafsiri yako kwa sauti mbele ya mtu asiyeyajua maandishi ya asili, na pale atakapokukatiza kuuliza, hapo ndipo pa kurekebisha.

Zitabaki sentensi chache ambazo hatua zote hizi hazitazifungua. Mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi "ran the 1500 metres" Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia. Hiyo haina utata, kwa kuwa alikimbia mwenyewe. Lakini ukikutana na "she runs marathons in Arusha", bila neno jingine lolote, huwezi kujua kama mama huyo hushiriki katika mbio hizo au ndiye anayeziandaa, maana Kiingereza kinaruhusu yote mawili na Kiswahili kinakulazimisha uchague. Usichague kwa kukisia. Mwandikie aliyeiandika sentensi hiyo, muulize, na mpaka atakapojibu iache nafasi hiyo ikiwa imewekewa alama.